Jumba la Maajabu Mfukoni mwa Kijana

Mtu aendaye Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam huanza kuuona Mji Mkongwe angali baharini. Huona minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambayo imewafanya wenyeji waliite kanisa lenyewe Minara Miwili. Huona Ngome Kongwe na kuta zake. Na karibu na hapo, mbele ya Forodhani, huona mahali pa Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Watu walilipa jina hilo kwa kuwa lilikuja kuwa na mambo ambayo macho ya Unguja yalikuwa hayajapata kuyaona: ndilo lililotangulia mjini kuwaka taa za umeme, na ndani yake mlikuwa na lifti ya kumpandisha mtu ghorofani pasipo kukanyaga ngazi. Sehemu yake moja kubwa iliporomoka siku ya Noeli ya mwaka 2020, na watu wawili wakafa.

Twalitaja kwa sababu moja tu. Maajabu ya zamani yalikuwa na mlango. Mtu alitoka kwake, akaenda kuyatazama, akastaajabu kadiri alivyotaka, kisha akarudi nyumbani kula na kulala. Maajabu ya siku hizi hayana mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Yamo mfukoni mwa kijana. Hulala naye, huamka naye, na mara nyingi ndiyo yanayomwamsha. Si yeye tena ayaendeaye, bali yenyewe humwita, tena humwita mara asizoweza kuzihesabu, kwa mlio mdogo ambao mama yake aliye jikoni hausikii.

Juu ya picha chafu na maneno machafu yapitayo katika simu wahubiri wamesema mengi, nasi hatutayarudia leo. Si kwamba jambo hilo ni dogo. Lakini yuko kijana mwema, asiyetazama uchafu wowote, ahudhuriaye Misa kila Dominika, mwanakwaya pengine, naye amepatwa na dhara jingine ambalo hakuna aliyemwonya juu yake. Dhara hilo ni kugawanyika kwa fikira. Hawezi tena kukaa katika jambo moja.

Tazameni jioni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Mkunazini, Kiponda, Malindi au Soko Muhogo. Nje ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe zilizojengwa pamoja na ukuta, na watu wa Unguja wameketi juu yake vizazi na vizazi kwa kahawa, bao, dhumna na mazungumzo. Baraza ilikuwa chuo. Hapo kijana alijifunza kumsikiliza mzee hata mwisho wa hadithi aliyokwisha kuisikia mara kumi. Alijifunza kujibu mzaha kwa mzaha, na kunyamaza pale panapotakiwa kunyamaza. Katika uwanja mdogo uitwao Jaws Corner wazee wangali wakinywa kahawa na kubishana siasa, na hapo imeangikwa simu moja ya kizamani yenye kibao kinachotangaza kwamba mtu aweza kupiga ng'ambo bure. Simu hiyo haiendi popote. Ni mzaha wa wenyeji, nao hutufurahisha kila tupitapo, maana huenda ndiyo simu pekee mjini isiyomkatiza mtu maneno yake.

Lakini sogea hadi baraza ya pili walipoketi vijana wanne. Mmoja ameziba sikio moja kwa kisikilizio cha muziki. Macho yake yamo katika mpira unaochezwa Uingereza. Kidole gumba chake kinamjibu mgeni wa Italia aulizaye bei ya matembezi ya mashamba ya viungo. Katikati ya hayo ujumbe wa mama yake umeingia. Ameusoma nusu, na ameahidi moyoni kuujibu baadaye. Mwenzake wa kulia amecheka peke yake, na hakuna aliyemwuliza anacheka nini. Wameketi pamoja saa nzima, na kila mmoja yuko mahali pake.

Tusiwahukumu upesi. Yule mgeni wa Italia ni riziki. Asipojibiwa usiku huu atamwandikia mwongozaji mwingine, na kesho kijana wetu atashinda bandarini bila mteja. Hali ya Unguja ya leo, inayoishi sana kwa watalii, imefunga mkate wa vijana wengi katika simu hiyo hiyo iliyo na michezo yao, habari zao, fedha zao, rafiki zao na wazazi wao. Zamani jembe la mkulima halikumfuata kitandani. Nyavu za mvuvi zilianikwa ufukoni, naye akaenda zake. Kijana huyu analala na jembe lake, na jembe hilo lina sauti.

Nasi twawaandikia ninyi mnaosoma gazeti hili huko Songea, Moshi, Bukoba, Mbulu na Sumbawanga, kwa sababu vijana tunaowasema si wa Unguja peke yao. Wengi wanaotandika vitanda na kupika na kupokea wageni katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani ni watoto wenu. Walivuka bahari kutafuta kazi. Wengine mliwasindikiza hadi kituo cha basi mkiwa na rozari mkononi. Sasa mnawajua kwa njia ya kioo kidogo, na kioo hicho kinawaambia kila siku kwamba wao ni wazima, kazi ni njema, na bahari ni ya buluu. Je, ni kweli? Tutalirudia jambo hilo.

Kwanza tuseme fikira iliyogawanyika ni kitu gani. Kijana akiulizwa hujibu kwa fahari kwamba yeye aweza kufanya mambo manne kwa wakati mmoja. Wataalamu waliochunguza akili za watu hawakubaliani naye. Akili ya mwanadamu, katika mambo yatakayo kufikiri, haifanyi manne pamoja. Huruka kutoka moja hadi jingine, kama mtu anayekimbia kati ya majiko manne kuzuia vyungu visiungue. Na kila arukapo huacha kitu nyuma. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja aitwaye Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akiacha kazi moja kabla haijaisha akashika nyingine, sehemu ya fikira zake hubaki katika ile ya kwanza, hata ile ya pili akaifanya vibaya. Mama yeyote angemwelewa mara moja: ni ukoko uliobaki chini ya sufuria. Unapika chakula kipya juu ya ukoko wa jana, na ladha ya kuungua inaingia katika kila kitu.

Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner waliwalinganisha watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja na watu wasio na mazoea hayo. Mtu angetazamia wale wa kwanza wawe hodari wa kuruka kati ya kazi, kwa kuwa ndiyo mazoezi yao ya kila siku. Ikawa kinyume. Walivutwa upesi zaidi na mambo yasiyowahusu, na hata katika kule kuruka walikuwa wazito zaidi. Yatupasa tuwe wakweli na kuongeza kwamba wachunguzi wengine waliofuata hawakupata majibu yale yale kila mara. Tena mpaka leo wanabishana kama simu ndiyo imewafanya vijana kuwa hivyo, au kama wenye fikira za kutangatanga ndio wanaoipenda simu zaidi. Sisi si waganga wa akili. Lakini wazee wetu walikwisha kusema kwamba mshika mbili moja humponyoka, na hawakuhitaji chuo kikuu kuliona jambo hilo. Mwalimu wa Kidato cha Nne naye haliulizi Stanford. Amwona mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika neno, kisha anainua kichwa, macho yakitafuta kitu ambacho hakimo chumbani.

Hapa tutajibiwa kwamba wazee wa kila zama huilalamikia kila chombo kipya. Neno hilo lina haki yake. Waya wa simu ya maandishi ulipowasili Unguja kupitia chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, habari ambazo zilikuwa zikingoja meli zikaanza kufika siku ile ile, na bila shaka wako waliosema dunia imekwisha. Sinema nayo ilishutumiwa sana mimbarini. Unguja ikapata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya miaka 20 kabla Bara haijapata televisheni yake mwaka 1994, na hapo pia watu walisema watoto wameharibika. Watoto wale ndio akina babu wa leo, nao hawakuharibika zaidi ya wengine.

Lakini tuangalie tofauti, kwani ipo. Sinema za Mji Mkongwe, kama Majestic kule Vuga, ziliwakusanya watu. Familia nzima zilivaa vizuri siku ya Jumapili, zikapanga mstari, zikaketi katika giza kutazama filamu moja ya Kihindi yenye saa tatu. Wote waliliona jambo moja, wakalia pamoja, wakacheka pamoja, na juma zima wakabishana juu ya mwenye kosa kati ya mama mkwe na mkwewe. Filamu ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Taa ziliwaka, watu wakatoka. Mtu aliyezoea kukaa saa tatu na hadithi moja alikuwa akifunza moyo wake uvumilivu, hata kama hadithi yenyewe ilikuwa ya upuuzi. Simu haimpi kijana hadithi ya saa tatu. Humpa picha ya nusu dakika, halafu nyingine, halafu nyingine, na kila moja humfuta aliyeitangulia. Jirani yake aliyeketi bega kwa bega naye haoni hata moja kati ya hizo.

Wala si kwa bahati mbaya kwamba picha hizo hazina mwisho. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na kanzu ina pindo. Hata gazeti hili, namshukuru Mungu asemavyo msomaji aliyechoka, lina mahali pa kukomea. Ukurasa wa simu unaoteremka bila kukoma ulibuniwa mwaka 2006 na kijana wa Marekani aitwaye Aza Raskin, naye baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Wenye makampuni hayo huuza kwa watangazaji biashara muda wa macho yetu, na kadiri macho yanavyokawia ndivyo wanavyolipwa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake kwa vijana wa mwaka 2019, aliwaonya wazi kwamba nyuma ya mitandao iko faida kubwa ya fedha, na njia za kuwaongoza watu pasipo wao kujua. Tunaposema kijana hana nguvu ya kuiacha simu, tukumbuke kwamba upande wa pili wa kioo wako watu wenye akili nyingi wanaolipwa ili asiiache. Mapambano hayo si ya haki. Ndiyo maana Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, imeyalazimisha makampuni ya mitandao kutowapa nafasi watoto wasiotimiza miaka 16. Kama sheria hiyo itafaa, wao watatuambia.

Sasa tuje kwenye roho, maana hapo ndipo penye hasara kubwa.

Mnajua habari ya Marta na Maria wa Bethania. Watu huisimulia kana kwamba Bwana wetu alimkemea Marta kwa sababu ya kupika. La hasha. Hakuna mahali alipoidharau kazi ya jikoni, naye alikula vizuri katika nyumba nyingi. Alichomwambia Marta kwa upole ni kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa mambo mengi, na hali kinachotakiwa ni kimoja. Marta alikuwa chumba kimoja na Mungu, na moyo wake ulikuwa katika vyungu, na katika nduguye, na katika hesabu ya sahani, yote kwa pamoja. Alimwona Yesu kwa pembe ya jicho. Je, si hivyo tunavyoonana siku hizi majumbani mwetu?

Kumpenda mtu kwaanza kwa kumtazama. Mtoto anayeanza kusema humshika mama yake kidevu na kumgeuza uso, kwa sababu anajua kwamba sikio bila macho halijampa alichokitaka. Mchumba anataka kutazamwa. Mgonjwa anataka mtu aketi. Na sala, ukiiondolea maneno yote, ni mtu aliyegeuza uso wake kwa Mungu na kuuacha hapo. Kijana aliyepoteza uwezo wa kukaa katika jambo moja hakupoteza alama za mtihani tu. Amepungukiwa na chombo kile kile ambacho kwacho atampenda mke wake, atamlea mtoto wake, na atamsikia Muumba wake. Hilo ndilo linalotutia hofu, kupita mambo mengine yote ya simu.

Nabii Eliya pale mlimani hakumkuta Mungu katika upepo mkuu, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Samweli aliitwa usiku, katika kimya cha hekalu, na hata hivyo mara tatu hakuelewa ni nani amwitaye. Tunajiuliza, na msitucheke, kama Samweli angalikuwa na simu chini ya mto wake, si angalidhani ni ujumbe wa kikundi cha kwaya, akaugeukia ukuta na kulala? Wako mapadre na masista ambao wito wao ulianza katika kuchoka tu: mchana mrefu wa kuchunga mbuzi, safari ya saa sita kwa miguu, jioni isiyo na taa. Hapakuwa na kitu cha kutazama, na moyo ukaanza kusema. Kijana wa leo hapati dakika tano za namna hiyo. Akisimama kwenye foleni ya daladala pale Darajani, mkono unakwenda mfukoni wenyewe, kama mkono wa mvuta sigara. Si kwamba amekataa sauti ya Mungu. Hajapata nafasi ya kujua kwamba ilisemwa.

Wenzetu Waislamu, ambao ndio wengi Unguja, wanaisikia hatari hii kama sisi. Mtoto wa chuoni aliyeketi na ubao wake, akirudia aya moja hata ikakaa moyoni, hujifunza kukaza fikira kwa namna ambayo twaweza kuionea wivu mwema. Adhana na kengele za Minara Miwili zina jambo moja linalofanana: huwaita watu wote kwa wakati mmoja, kwa ajili ya jambo moja, kisha hunyamaza. Mlio wa simu huwaita mmoja mmoja, kila mtu kwa jambo lake, wala haunyamazi.

Liko dhara jingine ambalo ni chungu zaidi kwa vijana wa Unguja kuliko kwa wengine, nalo lahusu huzuni. Ulimwengu mzima unakitazama kisiwa hicho katika picha kama pepo ya duniani. Binti anayefanya kazi hotelini Paje huiona pepo hiyo pande zote mbili. Asubuhi huwapiga picha wageni wanaocheka katika maji. Usiku, katika chumba alichopanga na wenzake watatu, huziona picha hizo hizo katika simu yake, pamoja na za rafiki zake wa shule waliofunga ndoa, waliojenga, waliokwenda Ulaya. Anajua kwamba picha zinadanganya. Yeye mwenyewe ndiye aliyezipiga, alimwona yule mgeni akigombana na mumewe dakika mbili kabla ya kutabasamu. Walakini moyo hausikii hoja hiyo saa saba za usiku. Unapima. Unajiona mdogo. Kisha binti naye hujipiga picha ufukoni, akaituma nyumbani na maneno machache ya furaha, na mama yake huko Mbulu anamshukuru Mungu na kuwaonyesha majirani.

Hapo ndipo uongo unapozunguka kutoka nyumba hadi nyumba pasipo mtu kukusudia uongo. Nasi twawasihi wazazi: mtoto asiyelala usiku, asiyetaka kula, aliyeacha kupenda mambo aliyoyapenda, asiambiwe tu kwamba amepungukiwa na sala. Asaliwe, ndiyo, lakini pia apelekwe hospitali, maana huzuni nzito ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na Mungu aliyetupa mapadre ndiye aliyetupa waganga.

Tena, ni nani aliyewapa watoto chombo hiki? Kichanga wa miaka miwili anayelia hukabidhiwa simu ili mama apate kusonga ugali. Tunamwelewa mama huyo, kuni zinafuka na mikono ni miwili tu. Lakini mtoto amejifunza somo lake la kwanza, kwamba moyo ukisumbuka hautulizwi na mtu, hutulizwa na kioo. Baba naye hurudi jioni, akaketi, akaitoa simu yake, na watoto hupita mbele yake kama mbele ya picha ukutani. Katika kanisa zetu simu hulia wakati wa mageuzo, na si za vijana peke yao. Wako hata watumishi wa altare, na daraja kubwa kuliko hao, ambao tumewaona wakichungulia mfukoni wakati wa masomo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, uliwataka vijana wajizoeze kiasi na kujitawala, na uliwapa wazazi wajibu wa kulinda nyumba zao. Hatujui mtoto atajifunzaje kiasi katika nyumba ambayo hajamwona mtu hata mmoja akikitenda.

Unguja iliwahi kupewa, pasipo kuomba, mfungo wa mwezi mzima. Tarehe 21 Mei 2008 umeme uletwao kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani hadi katikati ya Juni. Mwishoni mwa mwaka 2009 ulikatika tena, safari hii kwa muda wa miezi mitatu. Hatutaki kuipamba taabu ile. Maji yalikosekana kwa kuwa pampu zilisimama, watu walipoteza kazi, na mwenye biashara ndogo ya samaki wa barafu hakuimba zaburi. Lakini mtaalamu mmoja wa uchumi, Alfredo Burlando, alilichunguza giza lile la mwaka 2008, na katika makala yake ya mwaka 2014 akaonyesha kwamba baada ya miezi 8 hadi 10 watoto wengi kuliko kawaida walizaliwa Unguja. Na katika vijiji visivyokuwa na umeme tangu awali hesabu haikubadilika. Wasomaji watu wazima watacheka, nasi hatuwakatazi. Sisi twaliona hapo jambo la heshima. Kitu kilichokuwa kikiwatenga mume na mke jioni kilipozimika, walionana.

Si lazima tungoje waya ukatike baharini. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na ambaye Baba Mtakatifu Leo wa 14 alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa fundi wa kompyuta kuliko wengi wetu. Naye alijiwekea saa moja tu kwa juma ya michezo ya video. Hakuna aliyemlazimisha. Hatusemi kila kijana ataweza kufuata kipimo hicho, hasa yule ambaye simu ndiyo jembe lake. Lakini kila jembe lina saa ya kutundikwa. Wenye hoteli walio Wakristo, na wako, waache kuwatumia wafanyakazi wao amri saa nne za usiku na kutaka majibu. Wazazi waweke mezani kikapu cha ukili, na wakati wa chakula na wa rozari simu zote ziingie humo, ya baba ikitangulia. Ikianza ya mtoto, ni adhabu, na mtoto ataichukia rozari pamoja na kikapu. Kijana mwenyewe ajaribu kwenda mara moja kwa siku mahali fulani bila simu, hata kama ni kisimani au dukani, na avumilie ule wasiwasi wa dakika za mwanzo. Unapita. Wavuta sigara walioacha watamwambia.

Na ninyi wazazi ambao watoto wenu wako Unguja, au Dar es Salaam, au Muscat, tuna ombi moja kwenu. Chagueni saa moja ya Dominika, baada ya Misa. Msitume picha wala ujumbe. Pigeni simu, msikie sauti. Mkeni kitako, mwache kuchambua mboga, mzime redio, mwambieni jirani angoje. Mtoto atashtuka, kwa maana amezoea kwamba nyumbani hupigwa simu panapokuwa na msiba au ada ya mdogo wake. Atauliza upesi, "Mama, kuna nini?" Mjibuni kwamba hakuna kitu, halafu mnyamaze kidogo, mkamngoje aseme.